Mlango wa Tano Upande wa Kushoto

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa mlio wa baiskeli. Baba aliitoa uani, gurudumu la nyuma likilalamika kwe, kwe, kwe, kisha mlango wa nyuma ukafungwa, nami nikajua kitandani kwamba leo tena sikumwahi. Nilipoamka nilimkuta Mama akichemsha chai, na mdogo wangu wa miaka minne ameshakaa kwenye kigoda chake, hatua tatu kutoka mlango wa mbele, yuko kazini.

Ndiyo, kazini. Mlango wetu wa mbele ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu siku ya upepo mkali, na kwa miezi minne uliegeshwa kwa jiwe tu. Mtu akiusukuma ungeweza kumwangukia aliye ndani. Kwa hiyo Mama alimfundisha mdogo wangu kwamba akisikia hodi asiusogelee, aseme kwa sauti kutoka pale alipokaa. Yeye akaongeza maneno yake mwenyewe, na kila aliyebisha alisikia sauti nyembamba ikipiga kelele: "Usisukume, utaanguka! Baba hayupo! Ameenda kuombea watu!" Tukamwita Mlinzi, na jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Utauliza, baba yenu ana kazi gani hata mlango ukae hivyo miezi minne? Baba yangu ni seremala. Usicheke. Karakana yake iko barabara ya juu, na milango anayoitengeneza hufunguka bila kutoa sauti hata kidogo. Viti vya kanisani kwetu, mimbari, hata lile sanduku la maombi lenye bawaba za shaba zinazong'aa, vyote vimetoka mikononi mwake. Tena Baba ni mzee wa kanisa, na katika utumishi huo hana mchezo. Siku hizo alipotoka karakana alipitiliza kanisani. Kama si kikao cha wazee, ni mazoezi ya kwaya. Kama si kwaya, ni ujenzi wa ofisi ya Mchungaji. Na Jumapili alasiri ilikuwa zamu ya kutembelea nyumba zenye shida. Alirudi sisi tumelala, akaingia kwa mlango wa nyuma, maana ndio unaotazama barabara ya karakana, akala chakula kilichofunikwa, na asubuhi kwe, kwe, kwe. Mlango wa mbele unatazama kichochoro cha fundi viatu. Huko Baba alikuwa hapiti kabisa.

"Nimeandika," ndivyo alivyomjibu Mama kila alipokumbushwa mlango. Na kweli alikuwa ameandika kwenye daftari lake dogo la mfukoni. Nililiona mwenyewe. Mlango wetu ulikuwa mstari wa kumi na saba, chini ya kabati la vitabu vya kwaya.

Sikujua kama nimkasirikie. Baba angekuwa mtu wa kushinda kilabuni, ningejua la kufikiri. Lakini alikuwa kwa Mungu, na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba Mungu ni wa kwanza. Sasa mtoto anayetaka baba yake arudi nyumbani anagombana na nani? Swali hilo lilinizunguka kichwani kila siku, na sikupata mahali pa kulitua.

Siku moja, tukiwa kwenye foleni ya bomba, nilimuuliza rafiki yangu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimi.

"Hivi, mtu anaweza kumwonea Mungu wivu?"

"Kwani Mungu kanunua nini?"

"Hajanunua kitu. Amechukua."

Redio alisogeza ndoo yake kwa mguu, akafikiri, jambo ambalo kwake ni nadra. "Labda ameazima tu," akasema. "Mwombe akurudishie."

"Ninamwombaje?"

"Si kuna sanduku la maombi? Andika kadi kama watu wengine. Mwenye kulichonga ni baba yako mwenyewe!"

Tulicheka sana, na mambo yakaishia hapo. Sikuandika kitu hadi Mlinzi alipougua.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Nilirudi kutoka shule nikabisha, na hakuna aliyenipigia kelele. Nilizunguka nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mlinzi alikuwa amelala juu ya rundo la mashuka ya nyumba ya wageni ambayo Mama hufua na kupiga pasi, mwili wake unachemka, midomo imekauka.

"Kimbia ukamwite Baba," Mama aliniambia. "Mwambie aje ambebe, tumpeleke zahanati."

Nilikimbia. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, mkoba begani, na Katibu wa kanisa akimsubiri.

"Baba, Mlinzi anaumwa. Mama anasema uje umbebe."

Baba alishtuka, akanitazama mimi, akamtazama Katibu, akatazama saa. Niliona uso wake ukivutwa huku na huku. "Pole yake mwanangu," akasema. "Lakini kuna mtoto mahututi mtaa wa pili, wazazi wake wanatungoja tangu saa saba. Mwambie Mama atangulie. Nitawakuta huko huko zahanati." Kisha akaniwekea mkono kichwani akamwombea Mlinzi, maombi mafupi na mazuri sana. Mkono wake ulikuwa wa joto, nami nilitamani asiutoe.

Hakutukuta zahanati. Mama alimbeba Mlinzi njia nzima, akisimama kila mahali kubadilisha bega, na mimi nikashika chupa ya maji na kadi ya kliniki. Muuguzi alimtoboa kidole, akamwandikia dawa, akauliza, "Baba yake yuko wapi, akubebee huyu? Ni mzito."

Kabla Mama hajajibu, Mlinzi, amefumba macho, alisema kwa sauti ya usingizi, "Baba hayupo. Ameenda kuombea watu."

Muuguzi alicheka. Mama hakucheka. Alitazama ukuta.

Kesho yake asubuhi nilijilazimisha kuamka mapema. Baba alikuwa na furaha. "Bwana asifiwe!" alimwambia Mama. "Yule mtoto amepata nafuu!"

"Mtoto yupi?" Mama akauliza.

Baba alishusha kikombe mezani. "Yule wa mtaa wa pili," akasema polepole. "Ah, na huyu wetu? Jana tulichelewa, mama. Nilipokuja mlikuwa mmeshalala."

"Huyu wetu naye amepata nafuu," Mama akajibu, akaendelea kukunja mashuka. Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulinitia hofu kuliko ugomvi.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu na Redio kufagia kanisa. Tulipomaliza nilichukua kadi moja kwenye meza. Ina sehemu tatu: jina, hitaji, na njia ya kufika nyumbani. Sehemu ya jina niliiacha wazi. Zilizobaki nilizijaza kwa herufi kubwa ili mwandiko wangu usijulikane.

"Usipoandika jina si ni uongo?" Redio akanong'ona.

"Sijui," nilimjibu, na kweli sikujua. "Nilichoandika chote ni kweli."

Niliitumbukiza sandukuni. Kifuniko kilijifunga bila mlio wowote. Nilifikiri Mchungaji ndiye atakayeisoma, aje kimyakimya azungumze na Baba. Au nilifikiri Baba ataisoma, na papo hapo atajua. Hata leo siwezi kukuambia nilifikiri lipi.

Jumapili Mama alibaki nyumbani na Mlinzi, aliyekuwa bado hana nguvu. Baada ya mahubiri, Baba alisimama na kadi mkononi, kwa sababu Mchungaji alikuwa na mafua na hakuwa na sauti. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliijua kwa jinsi kona yake ilivyokunjika.

"Tuna baba," alisoma, "lakini hatumwoni. Akija tumelala, akiondoka tumelala. Mdogo wangu alipougua, mama alimbeba peke yake. Tunaomba mtu aje azungumze na baba yetu." Alikohoa kidogo. "Njia ya kufika. Ingia kichochoro cha fundi viatu, uhesabu milango. Ni mlango wa tano upande wa kushoto. Hauna bawaba ya juu. Msiusukume."

Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati. Amejua, nilijiambia.

"Wapendwa," Baba akasema, sauti yake ikitetemeka, "kichochoro hiki kiko nyuma ya nyumba yangu. Hawa ni jirani zangu! Jirani zangu wanateseka namna hii, na mimi sina habari!" Akapangusa macho. "Huyu bwana huenda ni mlevi. Huenda ana nyumba nyingine mahali. Lakini leo saa kumi nitakwenda kwake mimi mwenyewe, nizungumze naye. Na bawaba nitaibeba."

Kanisa zima likaitika amina. Redio alinigeukia, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno.

Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu anasomaje habari za mlango wake mwenyewe asiujue? Nilianza kuhesabu upya moyoni. Wa kwanza, fundi viatu mwenyewe. Wa pili, yule mama wa kuku. Wa tatu umefungwa siku zote. Wa nne, walimu wawili. Wa tano, sisi. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea, na tena ikawa sisi. Nilimwonea Baba huruma, kisha nikamkasirikia, kisha nikajiogopa mimi mwenyewe. Nimemwaibisha baba yangu mbele za watu, naye hata hajui kwamba ameaibishwa.

Ibada ilipoisha nilimfuata, nikamshika mkono wa shati.

"Baba, nataka kukuambia jambo."

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema, akinipapasa kichwa huku akitafuta kitu kwenye mkoba. "Kuna familia inanihitaji."

Nilisubiri. Nilisubiri mpaka saa kumi, na saa kumi tukaondoka: Baba na mkoba wake wa vifaa, Mchungaji na leso yake, Katibu na faili kwapani, na mimi na Redio nyuma yao kama mikia. Kutoka kanisani waliingia kichochoroni kwa upande wa chini. Fundi viatu alikuwa amekaa mlangoni kwake, akitengeneza kiatu chake mwenyewe kwa sababu siku nyingine hana nafasi.

"Mzee wa kanisa!" alishangaa. "Leo umepita huku? Umepotea?"

"Tunatafuta nyumba ya familia moja yenye shida," Baba akamjibu. "Mlango wa tano. Unawafahamu?"

Fundi viatu alimtazama Baba. Akanitazama mimi. Kisha akainamia kiatu chake. "Nawafahamu," akasema. "Ni watu wazuri. Endelea tu kuhesabu."

Baba alihesabu kwa sauti, akionyesha kila mlango kwa kidole. Wa pili, wa tatu, wa nne. Mbele ya wa tano akasimama, akatikisa kichwa.

"Ona," akamwambia Mchungaji. "Mlango mzuri kabisa. Aliyeutengeneza alijua kazi. Sasa mtu anauacha hivi, watoto wako ndani..." Alipitisha kiganja kwenye ubao kama afanyavyo kwa kila mbao, kutoka juu kushuka chini. Kiganja kilifika katikati kikasimama. Vidole viliujua ule ubao kabla ya macho. Alifungua mdomo, lakini Katibu, ambaye hapendi kuchelewa, alikuwa ameshabisha.

"Usisukume, utaanguka!" sauti nyembamba ikalia ndani. "Baba hayupo! Ameenda kuombea watu!"

Baba aliinama, akaweka mdomo karibu na ufa.

"Mlinzi," akaita, taratibu. "Ni mimi. Ni Baba."

Mlinzi alikuwa anafikiri. Halafu akajibu kwa ukali zaidi, kama mtu anayeona anadanganywa: "Nimesema Baba hayupo! Ameenda kuombea watu!"

Katibu alishusha faili. Mchungaji alijifanya anapenga kamasi. Baba alikaa chini, pale pale kizingitini, mkoba ukamtoka mkononi na skrubu zikatawanyika vumbini. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia bila kuomba. Siku ile alilia tu.

Mama alisogeza jiwe, akaufungua mlango kwa ubavu, shuka moja bado begani. "Kuna nini?" akauliza, akitutazama mmoja mmoja. "Mbona mmekuja wote? Kuna msiba?"

Baba alimpa ile kadi. Mama aliisoma hadi mwisho, akaisoma tena, kisha akaniangalia.

"Hata ukiandika kwa herufi kubwa," akasema, "mimi naujua mkono wako."

Hapo yote yakanitoka kwa pamoja, maneno na machozi. "Nisamehe, Baba. Sikutaka uaibike. Nilitaka urudi tu. Lakini ulikuwa kwa Mungu, nami sikujua kama nikikutaka nyumbani ninamwibia Mungu. Nimemwibia?"

Baba, naye amechanganyikiwa kama mimi, alimtazama Mchungaji. "Hata mimi nataka kujua," akasema. "Mchungaji, nilidhani ninamtumikia."

Mchungaji alichuchumaa mbele yetu. Sauti yake ilikwaruza kwa mafua, kwa hiyo tulisogea ili tumsikie.

"Mtoto wangu, hukumwibia Mungu chochote," akaniambia. "Baba yako ni zawadi uliyopewa na huyo huyo Mungu. Ukiitaka zawadi yako, hujakosea." Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, mzee mwenzangu, ulikuwa unamtumikia kweli. Lakini Mungu alipokupa orodha ya nyumba za kuhudumia, ya kwanza ilikuwa hii. Uliiruka ukaanza na ya pili. Anayewalisha, kuwabeba na kuwasikiliza watu wa nyumbani mwake kwa upendo hajaiacha kazi ya Mungu, ameianza mahali pake. Mimi pia nina kosa. Kila kazi nilikupa wewe kwa sababu wewe hukatai. Sikuuliza hata mara moja nani anaachwa ukija."

Baba alinivuta nikakaa kando yake kizingitini. "Kwa nini hukuniambia mwenyewe, mwanangu?"

"Ningekuambia lini, Baba?"

Baba alitoa daftari lake mfukoni, akalifungua, akaangalia ule mstari wa kumi na saba kwa muda mrefu. Kisha akalifunga, akainuka, akajipangusa vumbi.

"Niokotee skrubu," akaniambia. "Na bisibisi iko mfuko wa pembeni."

Mchungaji na Katibu waliushika mlango ukae sawa, Katibu akilalamika kwamba faili lake litachafuka. Redio aliokota skrubu huku akieleza kila anachofanya. Mlinzi alitoka na kigoda chake, akakaa, akamkagua Baba kuanzia viatu hadi kofia.

"Mama," akauliza, "fundi huyu anajua kazi?"

"Anajua," Mama akasema, na akaanza kucheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. "Ila ni mgumu kupatikana."

Baba alikaza skrubu ya mwisho, akafungua mlango, akaufunga. Haukutoa sauti. Kisha akaniambia, bado amenipa mgongo, "Sikiliza. Ulichoandika kilikuwa kweli, nami nakushukuru. Lakini ukweli wako usiufiche tena kwenye herufi kubwa. Njoo unishike shati. Nikikuambia subiri, nivute kwa nguvu."

Sitakudanganya kwamba Baba alibadilika siku moja. Alikabidhi kwaya na ujenzi kwa watu wengine, lakini wiki ya tatu alisahau akapitiliza kikaoni, nikaenda kumvuta shati mbele ya wazee wote, nao wakampisha. Siku nyingine alikaa mezani nasi hajui aseme nini, anatuuliza habari za shule kama mgeni. Tulimzoea taratibu, naye akatuzoea.

Jumatatu iliyopita tulikuwa tunakula, jua bado liko juu, hodi ikasikika mlango wa mbele. Nilichungulia dirishani. Alikuwa Katibu, na kadi mkononi. Baba aliweka kijiko chini, akaanza kuinuka kwa mazoea.

Mlinzi alimshika mkono kwanza. Halafu akageukia mlango, akajaza kifua.

"Baba yupo!" akapiga kelele. "Anakula! Subiri!"

Nje tulimsikia Katibu akicheka, kisha akavuta lile jiwe letu la zamani, akalikalia. Baba akachukua kijiko chake.